Maji ya Nasor

Nilisafiri kwa sababu ya tende. Mama yangu, Bi Moza, amelala kitandani Chake Chake tangu mvua za masika, na hamu yake ilikuwa moja: aonje tende za mitende ya babu yake, na ndugu wa Manah wamtambue kuwa ni mwenzao. Babu huyo, Nasor bin Said, alikuwa mkulima wa Manah, Oman, akaja Pemba kupanda mikarafuu. Alituachia kitabu cha ukoo alichokiandika kwa Kiarabu kwa mkono wake. Humo kauandika kila mtende aliouacha: khunaizi wa mlangoni, fardhi wa ukutani, naghali uliopinda. Baada ya mitende wanafuata wanawe wa Pemba, kisha wajukuu. Tulikua tukijivuna na kitabu kile. Hata wenye nyumba nzuri kuliko yetu tuliwaona si kitu.

Ibra, mji wa huko Oman, nilifikia kwa Bi Asya, aliyesoma na mama Unguja kabla ya kuhamia huku.

"Shikamoo, Bi Asya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, taali, kaa hapa. Moza hajambo?"

"Anaumwa. Anataka tende za babu yake."

"Maskini habibti! Bukra asubuhi nakupeleka mwenyewe. Kiarabu chako hicho cha chuoni hakitakufikisha popote."

Asubuhi tulikodi gari, tukashika njia ya Sinaw. Nje niliona mawe, mbuzi, na mawe tena. Nikauliza mkulima alikuwa akilima nini katika nchi kama hii.

"Huku udongo si kitu," alisema Bi Asya. "Mali ni maji. Maji ya falaji, mfereji wa mashamba, ni ya zamu, kila mtu ana saa zake. Huziuza, huzikodisha, na akifa warithi huzigawana. Mtende bila saa za maji ni kuni tu."

Manah tulifika kabla ya adhuhuri. Mji wa zamani umebomoka, kuta za udongo zimekaa kama meno mabovu, lakini mashamba yaliyo chini yake ni mabichi. Penye mfereji mzee mmoja alikuwa akiondoa jiwe ili maji yaingie upande wa pili, akampigia kelele mwenzake. Bi Asya akanishika mkono.

"Umesikia? Anasema sasa ni maji ya Nasor."

"Nasor yupi?"

Akamwuliza mzee, naye akasema: Nasor bin Said, mtu wa zamani, alikwenda Zanzibar. Nililia palepale, sikuona haya. Miaka yote hiyo, na jina lake bado linaitwa! Mzee akatuonyesha nyumba ya mjukuu wa Nasor, Bi Zahra.

Bi Zahra ni rika la mama. Alitupokea vizuri, akatuwekea kahawa na tende. Nikajieleza, Bi Asya akitafsiri, na kwa furaha yangu nikaongeza kwamba nimeyaona maji ya babu yetu yangali yakipita. Bi Zahra akaweka finjani chini, akasema maneno mengi. Nikamgeukia Bi Asya.

"Anasemaje?"

"Anasema maji aliyauza. Ndiyo nauli iliyomfikisha kwenu. Jina limebaki, maji ni ya watu."

Tena alikuwa na mke hapa, na watoto wadogo wawili, mmoja wao baba yake Bi Zahra. Mitende ikakauka mmoja mmoja. Mke akawa anachota maji kwa ndoo kuunusuru ule khunaizi wa mlangoni, mpaka nao ukafa. "Na mpaka leo," alitafsiri Bi Asya kwa sauti ndogo, "wakitaka kumwagilia, hayo maji ya Nasor wanayakodi."

Bi Zahra akakiona kitabu mapajani mwangu. Akauliza kama bibi yake yumo.

"Alikuwa akiitwa nani?" niliuliza.

"Moza."

Bi Asya akakinyakua kitabu, akapitisha kidole, mtende baada ya mtende, jina baada ya jina. "Yumo! Huyu hapa, Moza!" Bi Zahra akainama kutazama, mkono mdomoni.

Laiti ningeweza kunyamaza. "Huyo ni mama yangu," nilisema. "Jina alipewa na babu."

Bi Zahra alicheka, cheko kavu. Bi Asya alitafsiri bila kunitazama: "Maji aliyauza, na jina la mkewe akaondoka nalo."

Tulipoaga Bi Zahra alinipa kopo la tende. Nimwambie mama kwamba udugu haukanushiki, lakini hizi ni za mitende aliyoipanda baba yake Bi Zahra kwa maji ya kukodi. Asije akasema ni za babu.

Chake Chake nilimkuta mama amekalishwa, ananisubiri. Akatia tende mdomoni kabla sijakaa, akafumba macho. "Unaona? Babu alikuwa na mkono wa kilimo."

Nikamweleza yote, hata la jina. Nilikwenda kutafuta wapi tulitoka. Nilichokiona ni nani aliyelipia safari yetu. Mtu aliyekumbuka hata mtende wake uliopinda hakumwandika mkewe. Mama alitoa kokwa, akalishika kiganjani, na kopo akalisukuma.

Jirani akabisha mlangoni. "Hodi, Bi Moza! Bi Moza!"

Mama alinitazama. Hakuitika.