Njia ya Kuzungusha Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa kanisa alinikabidhi ufunguo, daftari la wageni na gambuti za mtu mwenye miguu mikubwa kuliko yangu. Akanisimamisha mlangoni, akanionyesha kinamasi kilicho chini ya kanisa. "Kijana," alisema, "mgeni anayetazama paa, mwache atazame. Anayetazama chini, usimwache peke yake hata akienda haja."

Sikuuliza kwa nini. Sisi wa upande huu wa Sigalagala tunajua. Babu zetu waliosha mchanga wa mito hii wakitafuta dhahabu, na mpaka leo utakuta watu wameinama mtoni na karai. Kanisa letu ni la zamani, la matofali yaliyochomwa na wazee wa kijiji wenyewe, na watu husema limekalia dhahabu. Hakuna aliyewahi kuiona. Nafikiri ndiyo sababu wanaamini.

Sina mvi, lakini kazi hiyo nimeiacha, na wanaoingia sasa wanafaa kujua jinsi tulivyoifanya.

Mwaka wa kwanza nilikaa mlangoni. Kazi ya mlangoni ni daftari: jina la mgeni, anakotoka, nambari yake ya simu. Ilinifaa kwa sababu haikutaka maneno mengi. Baadaye Kasisi akaniingiza ndani niwaonyeshe wageni madhabahu na kengele. Mwisho Katibu akanipandisha cheo, kama alivyosema mwenyewe, akanipa kinamasi.

Kinamasi kilikuwa na njia mbili. Ya kweli ilishuka hadi kwenye shimo ambako wazee walichimba udongo wa matofali, na ambako akina mama wafinyanzi bado huchimba udongo wa vyungu. Nyingine tuliiita njia ya kuzungusha. Ilipita katikati ya mafunjo, ikavuka magogo mawili, ikakurudisha nyuma ya choo cha kanisa ukiwa umechoka na huna maswali. Hiyo ilikuwa ya wale wanaotazama chini.

Mwaka wangu wa tatu alikuja mama mmoja wa makamo, akiwa na gambuti zake mwenyewe. Hilo peke yake lilinitia shaka. Hakwenda madhabahuni. Alipiga magoti kando ya ukuta, akakwaruza tofali kwa ukucha, akanusa.

"Udongo huu ulichimbwa wapi?"

"Mbali," nilisema.

"Mbali wapi, kijana wangu? Wazee hawa walikuwa na lori?"

Nikampitisha njia ya kuzungusha. Alitembea bila kulalamika. Tulipotokea nyuma ya choo alicheka kidogo, akaniambia kwamba yeye ni fundi wa kukarabati majengo ya zamani. "Ukuta wa upande wa kinamasi unakunywa maji," alisema. "Matofali yaliyooza yatolewe, yawekwe mengine ya udongo uleule. Msipake simiti. Itafungia maji ndani, na ukuta utaanguka."

Nilimpelekea Katibu maneno hayo. Alikuwa anamenya ndizi.

"Anataka tumwonyeshe shimo," alisema. "Ataanza na ukuta, aje kwa udongo, halafu utaona karai. Umemwandika?"

"Nimemwandika."

"Vizuri. Sasa mwite fundi wetu aje na simiti."

Simiti ikapakwa, ukuta ukapendeza. Mvua kubwa iliyofuata, ukuta ukafanya tumbo. Mama yangu huimba sauti ya pili katika kwaya, na viti vya sauti ya pili viko chini ya ukuta huo. Nilimwambia Katibu. Alisema ni rangi imevimba. Jumapili hiyo sikusikia mahubiri. Nilitazama ukuta, nikamtazama mama, mpaka baraka ya mwisho.

Jumatatu nilifungua daftari, nikatafuta nambari ya yule mama wa gambuti. Nilipiga, nikakata, nikapiga tena.

Alikuja siku ya Alhamisi. Nilimpeleka moja kwa moja shimoni. Tulimkuta Kukhu, bibi mmoja mfinyanzi wa kijijini, amezama matopeni hadi magotini.

"Ndiye huyu mliyemzungusha?" Kukhu aliniuliza. Kisha akamgeukia mgeni. "Mimi nachimba hapa tangu nilipoolewa. Kama kuna dhahabu, basi nimeipikia maharagwe."

Yule fundi alifinyanga donge kiganjani, akalionja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa kukubali. Akajaza mifuko mitatu ya kwenda kujaribu kuchoma.

Katibu alitungoja juu, ukingoni mwa kinamasi.

"Mifuko ina nini?"

"Udongo, Katibu," nilisema.

"Na nani kamwonyesha njia?"

"Mimi."

Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Kasisi alipouona ukuta mwenyewe, aliwahamishia wanakwaya upande wa pili, akamwita yule fundi. Matofali yakachomwa kwa udongo wa shimo lile, na sehemu yenye tumbo ikabomolewa ikajengwa upya. Katibu bado ni Katibu. Husema alinishika mapema. Sikurudishwa kazini, na sikuomba. Siku hizi nalima miwa kwetu, na nimekuwa na nafasi ya kuwaza. Tulilinda shimo ambalo halikuwa na kitu, na ukuta uliokuwa na watu tukauacha.

Lakini sitadai kwamba nilimwamini yule mama fundi. Siku ile ya kufukuzwa nilimsaidia kubeba mifuko hadi barabarani. Aliposimama kuongea na simu akiwa amenipa mgongo, nilifungua mfuko wa tatu, ambao niliuona mzito kuliko mingine, nikaingiza mkono, nikapapasa mpaka chini kabisa.

Alimaliza kuongea. Hakugeuka.

"Umepata?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi nifungie vizuri," alisema. "Udongo usikauke njiani."