Karatasi Iliyopigwa Plastiki

Fundi saa alikuwa mtu wa kutunza vitu. Rimoti ya nyumbani kwake ilikaa kwenye nailoni yake tangu siku ilipotoka dukani. Basi alipopewa karatasi ya waomba hifadhi, yenye jina lake na la mkewe, ile inayogongwa muhuri kwa nyuma kila miezi sita, alifanya nini? Aliipeleka kwa mpiga picha ikapigwa plastiki mbele na nyuma, ikang'aa kama sahani.

Miezi sita ikaisha. Uhamiaji wakagonga muhuri, wino ukateleza. Wakagonga tena, ukafutika kwa kidole.

"Omba karatasi mpya," wakamwambia. "Miezi mitatu."

Miezi mitatu, na mkewe ana mimba ya miezi minane! Miguu ilikuwa imevimba, na kichwa kilikuwa kikimgonga kwa siku ya nne sasa.

Kesho yake wakaenda zahanati hivyo hivyo. Karani wa dirishani akaigeuza karatasi mara mbili.

"Muhuri uko wapi?"

"Uliteleza, kaka."

"Raia wewe si raia, kibali huna, na sasa hata uombaji wenyewe umeisha muda. Nikuandike kama nani?"

"Usiniandike mimi, kaka. Mwandike huyu, ndiye mwenye tumbo."

Foleni ikacheka. Mkewe hakucheka; alikuwa ameshika ukuta.

Kicheko kikamtoa mkunga mkuu chumbani, miwani kichwani.

"Huyu mbona amesimama?"

"Karatasi yao haina muhuri, mama," karani akasema.

"Namba inasomeka?"

"Inasomeka."

"Andika namba. Mambo ya muhuri waachie uhamiaji. Kwa mjamzito waraka wetu unataka namba tu, na umebandikwa hapo nyuma ya kisogo chako tangu mwaka jana. Njoo, mwanangu."

Karani akageuka, akausoma, akaanza kuandika.

Fundi saa akabaki kwenye benchi, macho mlangoni. Mkunga alipotoka, akainuka haraka.

"Presha ilikuwa juu sana," mkunga akasema. "Nimempa dawa, inashuka. Mtoto anacheza vizuri. Mama analala hapa tumwangalie, na kujifungua atajifungulia hapa hapa. Ingia umwone."

Akamkuta mkewe amelala kwa ubavu, uso umelegea.

"Kichwa?"

"Kimepungua. Kaniletee nguo, baba. Na wewe ule kitu, tangu jana hujatia chochote mdomoni."

Ndipo fundi saa alipojua kuwa ana njaa.