Samaki wa Mama Ziada Chini ya Hadubini

Siku yangu ya kwanza labo, yaani maabara, chef wangu, mkubwa wangu wa kazi, hakunipa kazi. Alinikalisha gizani, nisiguse kitu mpaka macho yazoee. Nilidhani ananidharau. Kumbe hadubini ya mng'ao hutaka giza: unapaka kitu rangi, unakimulika, nacho kinatoa mwanga wake, dhaifu sana. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama; katika kazi yetu tuliambiwa kila siku.

Nilianzia labo ya mgodi, nikichungulia mawe, kisha nikahamia labo ya chakula, chini ya Mkurugenzi, mama asiyependa haraka. Huko ndiko nilikojifunza infraruji, miali isiyoonekana kwa macho. Kila kitu kina mwale wake unaokipasha joto, na rangi iliyo juu yake, ikipata joto, hufifia. Miali hiyo peke yake hutoa picha ya ukungu. Ukifuata kufifia kwa rangi, unaona kitu kidogo mno na kukijua ni nini.

Mama Ziada, mchuuzi wa mtaa wa Bel-Air mwenye asili ya Maniema, alituletea samaki wakavu wa Pweto, mji wa kando ya ziwa. Sokoni walisema samaki wake wamejaa plastiki, na wateja walikuwa wamemkimbia.

"Kama iko mubaya," alisema, "munambie mi wa kwanza."

Tulipopaka rangi inayonata kwenye plastiki, ngozi nzima iliwaka. Nilisikitika, maana nami nilikuwa mteja wake.

"Attends, ngoja," Mkurugenzi akasema. "Mafuta nayo inawakaka."

Tukatuma mwale wa mafuta: karibu madoa yote yakafifia. Tukatuma wa plastiki: zikafifia nyuzi chache tu, zilizokwama magambani. Zilitoka kwenye mifuko aliyofungia samaki.

Moyo ulinituma nimtajie Mama Ziada mafuta peke yake. Mkurugenzi aliniagiza nimwambie yote mawili, nikamwambia.

"Basi batu ba sokoni habakusema uongo yote," Mama Ziada akasema.

Kesho yake alipasua mifuko yake sokoni, akawaeleza watu mwenyewe, akahamishia samaki kwenye vikapu. Baadhi ya wateja walirudi. Wengine hawajarudi hadi leo, na jambo hilo bado linaniuma.

Sasa nimestaafu, hadubini nimewaachia vijana. Nikienda kununua, Mama Ziada huinua kila samaki juani, akamgeuza tumbo na mgongo.

"Papa, angalia," huniambia, akiniita baba.

Jicho tupu haliwezi kuziona nyuzi zile. Anajua, nilimwambia mwenyewe. Hata hivyo naangalia, taratibu, mbele ya wateja wake wote.