Doti na Nukta

Chumba changu cha intaneti pale mtaa wa Bondeni kilikuwa na kompyuta mbili na karatasi moja ya maelekezo ukutani. Karatasi niliiandika mwenyewe na nikaipenda. Mstari wa pili ulisema: “Lazima uwe na doti.” Wa nne: “Bila nukta, anwani haikamiliki na barua haiendi.” Kitu ni kilekile. Lakini shuleni tulifundishwa kuwa kurudia neno ndani ya insha ni umaskini, nami sikutaka kuonekana maskini ukutani kwangu.

Jirani yangu, muuza khanga, aliisoma akaniuliza, “Siku hizi na wewe unauza khanga kwa doti?”

“Nakutangazia bure, shehe. Nishukuru.”

Kisha ikaingia barua pepe ya binti aliyekuwa Afrika Kusini. Alitaka mama yake, mfinyanzi wa Lyulilo, amwambie kama anaweza kurudi nyumbani na mtoto aliyemzaa huko. Nikaichapa, nikamfikishia mama kwa mkono wa wauza samaki. Gulio la wiki likapita, na la pili likapita, jibu hakuna. Nikamhukumu kimoyomoyo: huyu kamkataa mjukuu.

Gulio la tatu yule mama akaingia, akaniwekea khanga mpya mezani. Nikadhani zawadi. Nikazihesabu mara mbili, zikawa mbili. Nikasema ndaga, asante ya kwao, nikazitia drooni, ndipo nikamwandikia jibu lake: “Njoo. Njoo na mtoto.”

“Nilikuja siku ileile nilipopata barua, baba,” akasema. “Wewe ulikuwa umetoka. Nikasoma karatasi, nikaona sina doti. Nimechoma vyungu, nimeuza, mpaka nimeipata, hapo kwa jirani yako.”

“Mama, doti ni hiyo nukta.”

“Nukta naijua, nimesoma elimu ya watu wazima. Hiyo iko mstari wa chini. Mimi nasema doti.”

Kesho yake binti akajibu. Alidhani amekataliwa, akatia saini mkataba wa kazi wa miaka miwili. Atakuja ukiisha.

Nilibandua karatasi, nikaandika upya: nukta, nukta, nukta, kila mstari, kama maskini. Khanga nikazipeleka Lyulilo mwenyewe, na maelezo yote, bila kujitetea.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa kwenye udongo.

“Zirudishe drooni,” akasema. “Hizo ndizo zilizofikisha barua. Nikizichukua, na yeye si ataghairi kuja?”

Nikazikunja, nikarudi nazo Bondeni, nikazitia drooni.