Jani la Sale kwa Tumbawe

Juzi binti yangu aligusa tumbawe hai la baharini kwenye tangi langu la kioo, nalo likanywea. Macho ya binti yangu yenye hofu yalinirudisha sebuleni kwa baba mdogo, Moshi mjini, kwenye harufu ya chumvi na mngurumo wa pampu.

Baba mdogo alipima maji ya matumbawe yake kila asubuhi, na siku moja, nikiwa mtoto, nikaligusa moja. Vidole vidogo vya kijani vya tumbawe hilo vikajificha vyote. Nimelikosea! Nilikimbia uani nikachuma jani la sale, ambalo sisi Wachagga hulitumia kuomba msamaha, nikaliegemeza kwenye kioo nikangoja. Kidole kimoja kikachungulia, kisha kumi!

"Baba mdogo, limenisamehe!"

"Basi usirudie," alisema, kwa uzito wa mzee wa ukoo.

Sasa najua tumbawe hufunguka lenyewe likitulia. Hata hivyo, juzi nilimwambia binti yangu, "Kimbia ukachume sale."