Utitiri Kwenye Okidi ya Zulmira

Hutaniamini nikikuambia kwamba shemeji yangu Zulmira, mjane wa kaka yangu, mshona mapazia wa hapa Piedade, aliwashinda wajuzi wote wa chama chetu cha okidi kwa mkasi. Usiniamini basi. Mimi nilikuwepo.

Okidi yenyewe ni ile ya maua ya manjano, kipande alichopewa na mama yake siku ya harusi. Mwaka juzi majani yakatoka madoa ya manjano, yakageuka meusi. Mimi, bingwa wa mimea japo shule niliiacha darasa la nne, nikamwambia, "Ukungu huo, shemeji." Akapiga dawa ya ukungu mwezi mzima. Madoa yakazidi.

Tércio, mwenyekiti wa chama, akaja kuangalia. "Hivyo ni virusi, Dona Zulmira. Ichome kabla haijaambukiza zetu."

"Nichome zawadi ya mama?"

"Virusi havina dawa."

"Nipe mpaka maonyesho ya Machi. Ikitoa jani lenye doa, nitaichoma mwenyewe."

Zulmira akachukua lenzi yake ya kutungia uzi, akageuza jani. Kando ya mshipa wa kati vilitambaa vijidudu vyekundu, bapa, vidogo kuliko ncha ya sindano. Akalipeleka jani maabara ya chuo cha kilimo, akarudi anatabasamu.

"Ni utitiri, shemeji. Ndio unaobeba virusi. Na virusi hivi vinabaki pale ulipouma, havisambai mmea mzima. Tunaua utitiri, tunakata majani yenye madoa, basi. Sasa niambie, utitiri huu umetoka wapi?"

Nikakohoa. Hapa kwetu mtu haendi kutembelea mwenzake bila kipande cha okidi mkononi, na Pasaka ya mwaka huo nilimpelekea kimoja. Kilikuwa na madoa kidogo tu.

"Shika ndoo," akasema.

Nikaishika miezi mitatu, yeye akikata majani yenye madoa kwa mkasi wake na kupuliza dawa ya utitiri chini ya kila jani, la kwake na la kwangu. Oktoba likachipua jani jipya, safi. Tércio akaja na lenzi yake, akaligeuza mara nne.

"Ilete Machi," akasema.

Basi siku ya maonyesho okidi ilikuwa na maua mia mbili, nini mia mbili, mia tano, foleni ya watu mpaka kanisani, na gavana mwenyewe akapiga magoti mbele ya...

"Maua kumi na moja, shemeji," anasema Zulmira, amesimama nyuma yangu anasoma ninachoandika. "Na aliyepiga magoti ni wewe, unatafuta miwani."