Mkono wa Abti Uliobaki Hewani

Niwataje kwanza waliokuwepo, nisije nikaonekana nasimulia ndoto. Alikuwepo Mwalimu Mwanahawa, mama wa Masalani aliyetufundisha ufundi wa magari ya umeme hapa Garissa. Alikuwepo Barre, mwenzangu darasani, amepiga magoti mbele ya betri iliyofunuliwa. Alikuwepo Sahara, dada yangu kitinda mimba. Alikuwepo Abti Dakane, kaka wa marehemu mama yetu, ndiyo kwanza ashuke basi kutoka Bute. Na mimi, nimesimama. Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, kuliko siku nilizochoka kwa kazi, maana siku hiyo sikufanya kitu ila kusimama.

Ndevu zangu bado nyeusi, usicheke nikikuita mwanangu. Mlea wadogo zake huzeeka mapema. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la saba. Nikaacha shule, nikaendesha mkokoteni wa punda, nikiuza maji mitaani. Yusuf, anayenifuata, alipokua alikwenda Mandera kufanya biashara, na nyumbani tukabaki wawili, mimi na Sahara. Yeye akisoma sekondari. Nami, mtu mzima, nikapata nafasi chuoni pamoja na vijana waliotoka kidato cha nne juzi. Chai yangu niliinywa peke yangu. Hawakunichukia. Hawakujua tu waniambie nini.

Abti alikuwa na neno lake. Alisema msichana halelewi na kaka asiye na mke, na kwamba atakuja kuangalia mwenyewe. Akiniona nina kazi ya maana na adabu ya kuongoza nyumba, Sahara atabaki nami. La sivyo, atakwenda naye Bute. Kabla ya kupanda basi alinipigia simu.

"Abti," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "hiyo kazi unayojifunza ni ya namna gani?"

"Ya magari, abti."

"Magari tu?"

"Magari ya umeme."

"Haya." Akangoja. Nami nikanyamaza. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nikauchukua msemo huo nikamwekea mzee wangu. Nilijisemea, mtu wa ngamia nitamweleza nini kuhusu betri? Akakata simu.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Betri ya gari la umeme ni pana kama godoro, na inaweza kuua hata gari likiwa limezimwa. Kwa hiyo fundi haifungui peke yake. Mmoja hutia mikono. Wa pili husimama nyuma yake na fimbo ndefu isiyopitisha umeme, yenye ndoano mwishoni, ili mwenzake akishikwa na umeme amvute kwa ndoano, kamwe si kwa mkono. Huyo wa pili hageuki wala haachi fimbo mpaka mita ya kupimia umeme isome sifuri.

Zamu ya kusimama ilikuwa yangu. Nilivaa glavu nene za mpira na kinyago cha plastiki, na jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya banda la mafunzo. Sahara alimleta Abti moja kwa moja kutoka stendi. Nilimwona kwa pembe ya jicho, ndevu zake nyekundu za hina, mfuko begani. Alikuwa akicheka.

"Waryaa, wee kijana, mtoto wa dada yangu! Ngamia wameisha duniani mpaka unachunga gari?"

Akatoa salamu, akanyoosha mkono.

Mwanangu, wewe ni wa hapa, unajua. Mkono wa mzee hauachwi hewani. Mtu huacha sahani, hutua mzigo, hata mgonjwa hujiinua kitandani. Salamu niliiitikia, Mungu ni shahidi wangu, lakini kinyago na jenereta viliimeza. Mkono sikuutoa. Barre alikuwa ameingiza mikono yake yote miwili ndani ya betri, na mita haikuwa imesoma sifuri.

"Abti?" akaita tena, safari hii bila kicheko.

Mwalimu alimwambia kutoka upande wa pili wa gari, "Mzee, subiri kidogo." Lakini mzee wa watu hasubirishwi mbele ya mpwa wake. Mkono ukashuka. Nikaona kanzu ikipita, na ndala za Sahara zikimfuata.

Na hakuna kilichotokea. Mita ilisoma sifuri, Barre akaifunika betri, akajifuta jasho, akauliza kama chai imekuja. Ndivyo kazi ya kusimama ilivyo. Ukiifanya vizuri, haikuachii ushahidi.

Nilikimbia nyumbani. Abti alikuwa kivulini, amekalia mfuko wake. Nikampa mikono yote miwili. Yeye akaificha yake ndani ya shuka.

"Mkono wako una kazi, abti. Usiusumbue."

Ndani, Sahara alikuwa akikunja nguo. "Walaal, nimemweleza njia nzima," alisema, akiniita ndugu kwa lugha yetu. "Ameniambia gari halina roho."

Wakaondoka alfajiri.

Nilimsimulia Mwalimu nikitumaini kutulizwa. "Ulisimama sawasawa," alisema, kisha akanikemea. "Huyo mzee wa Bute hajui kisima? Hajui kwamba aliyeshika kamba ya mtu aliye chini haiachii, hata aje nani?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Basi kwa nini hukumwambia kwenye simu kwamba kazi yako ni kushika kamba? Neno moja tu! Wewe ulimwona mjinga. Glavu hazikumnyima mkono. Ni ukimya wako."

Nikainamisha kichwa.

Siku hizi nami nafundisha katika banda lilelile. Jioni narudi nyumbani, napika kidogo, na bado hubaki. Sahara amemaliza shule huko Bute. Hunipigia simu, na sauti yake imeanza kufanana na ya mama. Tukimaliza kuzungumza, nyumba hunyamaza kuliko ilivyokuwa kabla hajapiga.

Kwa hiyo, mwanangu, ukishika fimbo usiiachie. Mwenzako aliyetia mikono ndani hana macho mgongoni. Macho yake ni wewe. Lakini kabla hujavaa glavu, nenda kwa wanaokupenda ukawaeleze kazi yako kwa maneno waliyozaliwa nayo. Usiseme hawataelewa. Wamevuta maji kwenye visima virefu kuliko fikra zako.

Mungu akujalie mwenzako asiyegeuka, na akujalie watu nyumbani wanaojua kwa nini hukugeuka.

Mimi bado nadaiwa. Salamu nazituma kwa kila anayekwenda kaskazini, zinafika, hazirudi. Wanasema barua ni nusu ya kuonana. Nusu ya pili ni mkono, na mkono hautumwi. Lazima niupeleke mwenyewe Bute, na kila mwezi nasema nitakwenda, kisha naogopa kwamba ataificha tena mikono yake ndani ya shuka. Sijakwenda.